Chupa ya Javeli

Tahira aliuza mboga za lengalenga safi kuliko zote sokoni Rumonge, ila mwenyewe hakuziamini. Wifi yake aliyezilima kule Muhuta hakuwahi kunyunyiza dawa, na majani yenyewe yalijaa matundu ya viwavi. Lakini jirani wa wifi alinyunyiza kila juma, na upepo haujui mpaka wa shamba. Hoteli ya ufukweni nayo ilishasema: atakayepita kipimo cha dawa ya wadudu ndiye atakayeipelekea mboga mwaka mzima. Tahira aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Basi akaazima javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, kwa Vestine, jirani yake wa meza, eti ya kufulia mashuka.

"Ni chupa moja tu niko nayo," Vestine akamwonya. "Usiimalize, dada."

Tahira akaloweka lengalenga humo ili kuondoa dawa ya jirani wa wifi, mpaka viwavi wakaaga dunia.

Kesho yake akaja Kaoutar, fundi wa maabara kutoka Bujumbura, na vikaratasi vyake vya kupimia mboga. "Hapa juu iko kimeng'enya," akaeleza. "Majani ikiwa safi, kinafanya kazi, karatasi inakuwa bluu. Ikiwa na dawa ya wadudu, kinashindwa, inabaki nyeupe."

Ya Tahira ikabaki nyeupe pe. Soko likacheka, na Vestine akacheka kuliko soko.

Kaoutar akanusa fungu, akakunja pua. "Mama, uliosha na nini?"

Aibu ilimchoma Tahira. Lakini mficha uchi hazai. "Na javeli, binti yangu. Niliogopa."

"Ndiyo imeua kimeng'enya! Iko fungu hukuosha?"

Lilikuwepo, la mboga ya nyumbani, na kiwavi mzima kajilaza ndani yake. Tone la maji ya majani yake likadondoshwa kwenye karatasi, wakangoja, karatasi ikawa bluu. Tahira akajipigia vigelegele mwenyewe.

Zamu ya Vestine ikafika. Majani yake yalimeremeta, hayana hata tundu moja. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Javeli!" Vestine akaruka. "Na miye niliosha na javeli, jana magaribi!"

Kaoutar akainama kunusa, lakini meza nzima sasa ilinuka javeli ya Tahira. Akasita. Watu wakaanza kumwonea Vestine huruma.

Tahira akachutama, akapekua kikapu chake taratibu, akatoa chupa ya javeli na kuiweka mbele ya jirani yake.

"Murakoze sana, dada Vestine," akasema. "Toka jana mchana iko kwangu. Nilisahau kukurudishia."