Wanautaka Ulioungua

Kwanza tuelewane: mimi si mchawi. Dada yangu aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi gizani, na majirani nao, kwa kupenda umbea, wakaimalizia hadithi wenyewe. Natengeneza filamu za kamera. Zile za zamani, za kuviringisha, ambazo ukifungua kamera kabla ya wakati, picha za harusi nzima zinaungua na bibi harusi hakusemeshi tena. Ndiyo, bado zinatengenezwa. Tena na watu wazima wenye akili zao.

Chumba chetu kiwandani kina mashine moja ndefu. Upande huu unaingia utepe mtupu wa plastiki, katikati unapakwa dawa ya kunasa picha, upande ule unatoka umekauka na kujiviringisha kwenye roli kubwa. Dawa hiyo ikiona mwanga, hata wa kiberiti, kwisha habari yake. Kwa hiyo tunafanya kazi kwenye giza totoro, mimi na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye hupiga mluzi muda wote ili tusigongane. Wimbo ni uleule tangu tuajiriwe, na hata huo anaukosea. Tunamwita Mluzi, mpaka mkewe naye anamwita hivyo.

Shida yetu ilikuwa Bosi Mdogo. Baba yake alipofariki alirithi kiwanda kama mtu anayerithi mbuzi mzee: kumchinja aibu, na maziwa hana. Oda zilikuwa zimekauka. Akatuambia waziwazi kwamba roli linalofuata ndilo jaribio la mwisho. Lisipouzika, mashine inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jamaa huyo alishakuja kuigongagonga kwa funguo, akitega sikio kama anayechagua tikiti maji. Nilitamani kumgonga yeye.

Siku ya roli lenyewe, Bosi Mdogo akataka kuingia ashuhudie.

"Ushuhudie nini, bosi?" Mluzi akamuuliza. "Mle ndani ni giza."

"Nitasikiliza."

Haya. Nikamnyang'anya simu, nikamnyang'anya kiberiti, nikamnyang'anya hata kalamu yenye taa kwenye kifuniko. Akaenda kusimama palepale dawa inapopakwa, ananukia marashi ya kufukuza mbu. Tukawasha mashine.

Baada ya muda nikaona kidevu. Naomba mnielewe: mle ndani sijawahi kuona kitu, hata mkono wangu. Sasa naona kidevu cha bosi, cha kijani, kinaelea. Alikuwa ameinua mkono kutazama saa, moja ya hizi za kisasa zinazojiwasha zenyewe ukiinua mkono.

"Bosi, saa!" nikapiga kelele.

Akainua mkono tena. "Nne na nusu," akanijibu.

Nilimkata jicho, ambalo kwa giza lile lilipotea bure. Na yeye, maskini, kila alipochoka aliitazama tena, na alikuwa mwepesi wa kuchoka. Tulipokata kipande tukakipigia picha na kuzisafisha, kila picha ilipitiwa na moshi mweupe. Roli zima. Nililia, sifichi. Nililia chooni, nikaja kuendelea kantini. Mluzi hakupiga mluzi siku nzima, na hapo ndipo nilipojua kweli tumekwisha.

Sasa tuna binti wa mauzo, mdogo kuliko viatu vyangu vya kazini. Bila kumuuliza mtu, alikata mikanda kadhaa kutoka kwenye roli lile, akawapelekea vijana wenzake, hawa wanaotembea na kamera za babu zao shingoni. Akarudi mbio.

"Mama, wameipenda!"

"Wamependa nini?"

"Ule moshi! Wanasema picha zina roho."

"Roho gani? Hiyo ni saa ya bosi wako!"

"Basi wanaitaka yote. Na wakimaliza wanataka nyingine."

Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, waje wanitazame usoni. Maisha yangu yote nimetengeneza mkanda safi, usio na doa, ukakaa ghalani mpaka ukapitwa na wakati. Huu ulioharibiwa na mtu mwenye haraka ya chakula cha mchana ukaisha kabla hatujatengeneza maboksi ya kuutilia.

Bosi Mdogo akatuita ofisini, ana furaha kama yeye ndiye aliyebuni. Mtu wa vyuma chakavu ameambiwa asubiri kwanza. Lakini roli linalofuata nalo liungue.

"Liungue vilevile, mama," akasema.

"Si uingie mwenyewe na saa yako?"

"Siku hiyo nina mkutano." Akanikabidhi tochi ndogo.

Nikairudisha mezani, nikatoka. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu. Mtu anakwambia ulichokifanya vizuri hakuna anayekitaka, tafadhali kiharibu, na useme asante! Mluzi akanikuta kwenye ngazi. Tochi alikuwa ameichukua yeye.

"Shemeji, mashine hii ikiuzwa mimi nitakwenda wapi? Nyumbani kuna taa kila chumba."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nitakaa na mke wangu kutwa, nizungumze nini? Kama huwezi, nitawasha mimi."

"Wewe mkono unatetemeka. Utaharibu."

Tukatazamana. Tukacheka mpaka binti wa mauzo akachungulia kuona kuna nini, maana kuharibu ndiko tulikotumwa. Nikaichukua ile tochi.

Tukaingia, tukafunga milango. Mashine ikaanza kuvuta, dawa ikaanza kumwagika, Mluzi akaanza wimbo wake, akaukosea. Kidole gumba changu kiligoma. Nilikikalipia, kikagoma. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, nikawasha.

Mkanda ulikuwa unashuka mbele yangu, mpana, umelowa, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai kidogo, hauna hata mkunjo. Sikujua. Nimeunusa, nimeusikiliza, nimeushika pembeni, nimeutukana, lakini ukiwa hivyo, umelowa na unakwenda, sikuwahi kuuona, kwa sababu kuuona ni kuuharibu. Ng'ambo yake alisimama Mluzi, mdomo bado umechongoka, wimbo umekatika. Naye alikuwa anautazama. Jamani, kazi yetu ilikuwa nzuri vile, na hakuna aliyetuambia.

"Zima, shemeji," akasema taratibu. "Walitaka moshi kidogo tu."

"Najua," nikamwambia. Sikuzima.