Kilicho Ndani ya Rauta ya Muia

Dada yangu Aluoch alifariki Jumapili, na mazishi yakapangwa Ijumaa kwao Seme. Nyonga yangu haiwezi tena kukaa kwenye basi kwa saa nane. Daktari alisema, mwanangu Jeconia akasema, nami nilipojaribu ngazi za kanisa nikaona wanasema kweli. Ndipo mjukuu wangu Audrey, anayeniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, aliponiambia, "Dani, wewe kaa tu. Nitakuletea mazishi hapa Kibera, Soweto West, uyaone na macho yako."

Kazi yake ndiyo hiyo. Anaandamana na wanaopeleka maiti nyumbani, anasimamisha simu kwenye kistendi cha miguu mitatu, na waliobaki Nairobi wanaona kila kitu. Lakini Seme mtandao ni wa kubahatisha. Mwezi uliopita alikuwa akirusha mazishi ya mzee mmoja, na jeneza likiwa juu ya kaburi picha ikazima. Watu wa Kibera hawakumwona mzee wao akishuka. Audrey hakula siku hiyo. Mimi nilikuwa nawaza kama hilo litampata Aluoch, kwa sababu mimi ndimi niliyebaki katika sisi ndugu wanne, na mtu asiyeona kaburi likifunikwa huendelea kungoja.

Kwa hivyo Jumanne Jeconia alitupeleka Riruta Satellite kwa Muia, Mkamba anayeuza na kutengeneza vitu vya mtandao. Muia alikuwa ametumiwa rauta ya safari, kifaa cha kuvuta mtandao, ambayo haijaanza kuuzwa, aijaribu kisha awaandikie walioitengeneza vile ilivyofanya kazi. Ni kijidude cha kulala kiganjani, kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki moja. Unatia laini mbili za simu, kinazishika zote pamoja, moja ikichoka nyingine inavuta.

Walioitengeneza hawajasema ni chipu gani iko ndani, na kifuniko kimebandikwa stika ambayo ukiing'oa watajua. Chipu, alivyonieleza Audrey, ndiyo inayofikiri. Ni ndogo kama ukucha, na ndani yake kuna njia nyingi kuliko vichochoro vyote vya Kibera. Nikauliza ni nani aliyezichimba. Akasema hazichimbwi, zinachorwa na mwanga. Mwanga nimeutumia miaka sabini na minne, kushona, kuchambua mchele, kusoma Biblia, na sikujua kwamba unachora.

Basi wakaanza kubishana. Muia alisema ni chipu ile ya zamani, ambayo ikipata joto inakufa ghafla mpaka ipoe. Audrey akasema ni ile mpya, inayosikia joto na kupunguza mwendo wake yenyewe. Jambo hilo halikuwa la kupitisha wakati. Seme mtandao unashika juu, kwa hivyo rauta ingefungwa kwenye ncha ya mti wa hema, na jeneza hushushwa saa saba, jua likiwa utosini. Ikiwa Muia yuko sawa, Aluoch angepotea machoni pangu pale pale mzee yule alipopotea.

Walisoma nambari kwenye chaja, wakahesabu vitundu vya pembeni, wakaipima kwenye mizani. Audrey alinionyesha kwenye simu watu wa nchi nisizozijua nao wakibishana juu ya kitu ambacho hawajakishika, mmoja akitaja vitundu vile vile. Nilistaajabu. Kumbe dunia nzima bado inakaa chini na kukisia kilicho tumboni mwa kitu kwa kukitazama mgongo.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," Muia akajibu bila kutoa macho kwenye rauta.

"Mji wangu umejaa njia, hauna hata nyumba moja, na wenyeji wake hawalali."

Muia akasema siafu. Audrey akacheka. "Ni chipu, Dani. Hiyo umeitunga sasa hivi."

Mwishowe Muia akatupa rauta tukaijaribu nyumbani. Aliniambia, "Mama Jeconia, stika yangu naiacha mikononi mwako."

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata chupa ya chai, na vyote nimevishona kwa mkono. Jumatano Audrey aliacha rauta ikifanya kazi mezani, akaenda kutafuta kamba ya kuifungia. Mara nikasikia jirani yangu Mukai na wamama wa kanisa wanakuja kunipa pole. Kitu cha mtu, mezani kwangu, kimekaa bila heshima. Nikakifunika na kitambaa kile kizito cha sufu nyeupe, ninachokiwekea Krismasi. Tukaomba, tukaimba, tukanywa chai. Saa mbili zikapita.

Audrey aliporudi alisimama mlangoni. "Dani, umeivisha nini?"

Aliifunua. Nilipoigusa ilikuwa moto kama kikaango cha chapati, nikahisi aibu, kwa sababu haikuwa yetu. Audrey hakunigombeza. Alikuwa anaangalia simu yake. Akanivuta nione. Rauta haikuwa imekufa. Nambari ya mwendo wa mtandao ilikuwa imeshuka karibu na ardhi, lakini ilikuwepo, na tulipokuwa tukiitazama ikaanza kupanda, kidogo kidogo, jinsi rauta ilivyopoa. Akaifunika tena mwenyewe. Baada ya muda nambari ikashuka. Akaifunua, ikapanda.

Nilikaa kitandani. Kitu cha ukubwa wa ukucha kilikuwa kimesikia uzito wa sufu yangu, na hakuna aliyekiambia la kufanya. Kilipunguza hatua kama mimi ninavyopunguza kwenye mteremko, kisha kikaendelea.

Audrey akampigia Muia, akamwambia ile ya zamani ingekuwa imezima kitambo. Muia akauliza tumeijaribu na nini. Alipoambiwa, akauliza kitambaa kilikuwa cha sufu au cha pamba, maana lazima aandike.

Ijumaa Mukai aliweka simu juu ya stuli mbele yangu, wamama wakajaa mpaka mlangoni. Nilimwona Aluoch uso wake kupitia kioo cha jeneza, na gauni la buluu nililomshonea. Ilipofika saa saba picha ikaanza kuchelewa. Watu wa Seme walitembea kama walio ndani ya maji. Mukai akanishika mkono, akidhani inazima. Nikamwambia hapana, imesikia joto tu, inajipunguza, ngoja.

Jeneza likashuka, hatua moja, likasimama, hatua nyingine. Kisha sauti ya Audrey ikasema, "Huu ni wa Dani," na mkono wake ukaingia kwenye picha na udongo, akaufungua.

Picha ikasimama. Udongo wangu ulikaa hewani juu ya dada yangu, punje kwa punje, kila moja na kivuli chake, nikapata wakati wa kuziangalia zote. Halafu ukaanguka, na nikausikia ukigonga mbao.