Mashine Isiyojua Marahaba

Watu wakiniambia kwamba Limi ni mshamba, kwamba angetaja tu shida yake na kukata simu, huwa nawaomba waondoke mbele yangu kabla mdomo wangu haujanitangulia. Nimeshawafukuza wengi. Mmoja alikuwa shangazi yangu mwenyewe, na chai yake aliiacha kwenye kikombe.

Limi ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Mabula. Alilelewa kijijini huko nyuma ya Tinde na bibi aliyemfundisha kwamba mkubwa huamkiwa kwa kupiga magoti, na kwamba shida haitajwi mpaka salamu ipokelewe. Sisi wote tulimsifu kwa hilo. Wakati wa posa baba alirudi nyumbani anasema, tumepata mke, huyu ana adabu. Adabu hiyo hiyo ilipotuletea msiba ndipo ikabatizwa ushamba.

Mshamba ninayemjua mimi anaitwa Umesh.

Nilikuwa nauza katika duka la baba yake, Mzee Ishwarlal, Shinyanga mjini. Tuliuza vifaa vya ujenzi na vya wachimbaji: saruji, mabati, sururu, kamba, makarai, pampu za maji. Nilianza kazi pale Umesh akiwa bado anavaa kaptula za shule. Mzee alizaliwa hapo hapo Shinyanga, Kisukuma anakijua kunizidi, na mteja akiingia hatajiwi bei kabla hajaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Umesh hakurithi hata chembe ya hayo. Yeye alikuwa na mjomba.

Mjomba huyo, Sunil, alikaa Mwanza na kuagiza bidhaa Dubai. Kila kitu kipya alichotaka kuleta kwa wingi, kwanza alimtumia Umesh kimoja akijaribu, aone kama watu wa kanda yetu watakipenda. Basi duka likageuka mahali pa majaribio. Ikaja taa ya kuwaka ukipiga makofi. Taa ya makofi, katika duka la mabati! Kila fundi aliyegonga bati kulipima, taa iliwaka, ikazima, ikawaka, mpaka mteja mmoja wa Nyasubi akaacha mzigo wake akatoka mbio, anasema duka hili lina wenyewe. Ikaja saa ya ukutani iliyotaja muda kwa sauti ya mama wa Kizungu, ikawa inadanganya kila umeme ulipokatika. Ikaja kisu cha umeme cha kukatia mkate, kana kwamba mkate umewahi kumshinda mtu. Umesh alivishangilia vyote, akamwandikia mjomba kipi kinafaa na kipi hakifai. Mzee Ishwarlal alitikisa kichwa tu na kurudi stoo.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mvua za Elnino zikiwa bado zinabomoa barabara, ikaja mashine ya kupokea simu.

Ilikuwa kisanduku cheusi chenye kanda ndogo ndani. Simu ikilia na hakuna mtu, yenyewe inapokea, inasema maneno uliyoirekodia, halafu inanasa maneno ya aliyepiga. Umesh alirekodi kwa sauti yake, akaiona nyembamba mno kwa biashara. Akarudia akiishusha, akikohoa kidogo, mpaka ikafanana kabisa na ya baba yake. "Hapa ni dukani kwa Ishwarlal. Sema shida yako." Basi. Hakuna karibu, hakuna habari za huko, hakuna hata kusema kwamba hii ni mashine.

"Umesh," nilimwambia, "mtu hapokelewi hivyo."

"Dada Paskalia, hii si mtu. Inampa anayepiga nusu dakika, halafu inakata. Nusu dakika ni nyingi, mtu anamaliza yote."

"Mtu wa wapi?"

Akacheka. Yule kijana alikuwa na kicheko chepesi, na wakati ule nilikichukulia kama kicheko cha mtoto tu.

Kabla ya mashine, duka lilipofungwa mchana mimi ndiye niliyebaki. Nilikula ugali wangu kando ya simu, na watu wa Katoro, Geita na Kahama walijua saa hiyo watanipata. Mabula alikuwa anachimba dhahabu nje kidogo ya Katoro, naye alimwambia mkewe: kukiwa na shida yoyote, nenda Geita kwenye ofisi ya simu, piga dukani kwa dada. Umesh akaniambia sasa niende nikale nyumbani kama watu wengine, kazi ya simu imepata mwenyewe. Nikaenda. Ningefanyaje? Duka lilikuwa lao.

Alhamisi moja nilirudi kutoka kula nikamkuta Umesh ameegemea kaunta na wateja wawili, wote wanafuta machozi kwa kucheka.

"Dada Paskalia, njoo usikie! Leo mashine imepata mchumba."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, yenye lafudhi ya kwetu.

"Shikamoo." Kimya. "Shikamoo, baba." Kimya kirefu, unasikia mtu anavyohema. "Ni mimi, Limi, mke wa Mabula. Shikamoo, baba." Kikafuata kimya kingine, na mlio wa kukatwa.

Alikuwa amepiga tena. "Shikamoo, baba. Naona umekasirika. Kama nimekuamsha nisamehe, sikujua ni saa ya kupumzika." Akangoja. Yaani alingoja! Mtu mzima asiyeitikia shikamoo ana kinyongo na wewe, na kwetu humwagi shida yako mbele ya mtu mwenye kinyongo, unaomba radhi kwanza. "Nisamehe, baba. Shikamoo." Mlio.

Mara ya tatu sauti ilikuwa inatetemeka. "Shikamoo, baba." Akangoja tena. "Baba, nisamehe, nasema bila kuitikiwa. Naomba umwambie wifi yangu, huku Mabula..." Mlio.

Wateja walipasuka kwa kicheko. "Shikamoo ngapi hizo!" Umesh akasema. "Mjomba lazima aisikie hii."

"Huyo ni wifi yangu," nikasema.

Kicheko kilikatika. Umesh alinitazama, akatazama mashine. "Sasa... alikuwa anataka nini?"

"Nani alimuuliza?" nilimpigia kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje. "Nani alimjibu huyu mtoto amwambie, haya, sema?"

Hapakuwa na namba ya kumpigia. Limi alikuwa kwenye ofisi ya simu Geita, na kwa saa hiyo alikuwa ameshaondoka. Nje, lori la Mzee lilikuwa linapakia saruji ya Katoro. Dereva, Pantaleo, alikuwa anafunga turubai. Nilichukua khanga yangu nikatoka. Mlangoni palikuwa na pampu ya maji, ile nyekundu ya petroli, niliyokuwa naifuta vumbi kila asubuhi. Ilikuwa imeziba njia. Nikaisogeza pembeni nipite.

Niliisogeza kwa mikono yangu hii, nikapanda lori.

Nyuma ya saruji palikuwa na nafasi ya pampu kumi. Nilikaa huko nyuma, nikaitazama nafasi hiyo tangu Tinde, tangu Kahama, tope linatunasa na Pantaleo anatukana mvua, na sikujua ninachokitazama. Nilikuwa namwomba Mungu iwe ni homa. Hata kama amefungwa, nikasema, afadhali. Tulilala njiani pale daraja lilipokuwa limefunikwa na maji, tukavuka alfajiri.

Tulipokaribia machimbo watu walianza kukimbia kutujia. Walikuwa wanashangilia. Lori lilikuwa na jina la Ishwarlal ubavuni, nami walinijua. Deusdedit, aliyekuwa akichimba pamoja na Mabula, alikuwa mbele yao, ametapakaa tope mpaka kwenye kope. Hakuniuliza hali. Aligeuka akakimbia kwenye mdomo wa duara, lile shimo lao la kushukia chini, akapiga kelele: "Mabula! Pampu imefika! Dada yako kaja na pampu!"

Kutoka chini ikaja sauti ya jiwe likigonga mwamba. Ko, ko, ko. Alikuwa hai. Maji yalikuwa yamevunja ukuta wa shimo la jirani yakajaa chini, naye akapandia kwenye uwazi mmoja wa juu, hewa ipo, njia ya kutokea imezama. Tangu juzi walikuwa wanateka kwa ndoo. Pampu za Geita zote zilikuwa zimekodishwa, maana msimu ule hakuna shimo lililokuwa kavu. Ndiyo maana Limi alipiga simu. Alijua dukani kwetu ipo, Mabula alimwambia.

Walifungua turubai. Nilisimama chini nikawaona wanavyopekua, mfuko huu, mfuko ule, mmoja anapanda juu kabisa na kuangalia nyuma ya saruji, kama vile pampu inaweza kujificha. Kisha wakanigeukia mimi.

Sitaki kueleza nilichowajibu. Walirudi kwenye ndoo, nami nikateka nao, Pantaleo naye akateka, mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Maji yalikuwa yanaingia kwa kasi kuliko tulivyoyatoa. Jua lilikuwa halijawa kali jiwe lilipoacha kugonga. Deusdedit aliendelea kuita, na Limi alikuwa amekaa pembeni kwenye rundo la mawe.

Maji yalipopungua tulimtoa, tukamzika Jumapili. Kabla ya matanga kuanuliwa maneno yalikuwa yameshaanza. Mwanamke gani huyu, anapewa simu anaongea shikamoo. Amemuua mume kwa haya. Waliokuwa wakisema hivyo ni wale wale ambao Limi asingewapigia magoti wangemwita malaya. Nilitukana watu kwenye msiba wa ndugu yangu, na ningewatukana tena leo. Lakini Limi mwenyewe hakujitetea. Usiku wa mwisho alinivuta khanga, akaniuliza taratibu, "Wifi, yule mzee nilimkosea nini?"

Nikamwambia haikuwa mzee. Ilikuwa mashine.

Akafikiri sana. "Mbona ilikuwa na sauti ya mtu mzima?"

Ilinichoma mpaka leo haijapoa.

Niliporudi Shinyanga sikupitia nyumbani. Umesh alikuwa kaunta, akasimama upesi. Alisema pole, na nakubali alikuwa amekonda. Lakini hakuweza kuishia hapo. Akaanza kunieleza kwamba mashine haikuwa na kosa, ilifanya kazi yake vizuri, ila kwa watu wa huku inahitaji marekebisho. Alikuwa ameshapata wazo. Atarekodi upya, mwanzoni kabisa aweke "marahaba", ili mtu akisikia ajue ameitikiwa.

"Marahaba kabla ya shikamoo?" nikauliza.

"Ni mfano tu, dada. Lazima tumjibu mjomba kama inafaa au haifai."

"Ile kanda unayo?"

Macho yake yalikwenda kwenye droo. Bado anayo! Alikuwa ameitunza.

Nikaita kwa nguvu, "Mzee! Mzee Ishwarlal, njoo!"

Mzee alitoka stoo akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Aliponiona alinishika mikono yote miwili akanipa pole kwa Kisukuma, ndefu, ya mtu aliyewahi kuzika. Yeye aliambiwa simu ya Geita haikushika vizuri siku ile. Hiyo ndiyo habari mwanawe aliyompa.

"Umesh," nikasema, "weka kanda, baba yako asikie."

"Dada Paskalia, ya nini sasa..."

"Weka!"

Mzee alimtazama mwanawe, kisha mimi, akavuta kiti akakaa. Umesh aliweka kanda. Akabonyeza.

"Shikamoo," Limi akasema.

"Marahaba," Mzee Ishwarlal akaitikia.

Ilimtoka yenyewe, kabla hajawaza, kama inavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa. Halafu akagundua amekiitikia kisanduku, akaduwaa. Umesh aliinamisha kichwa. Mzee akainama mbele, akasogeza mdomo karibu na mashine, akasema tena kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayeongea na aliye mbali, "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Sema."

Ndani ya mashine Limi alingoja. Kisha akaamkia tena.

"Shikamoo, baba."