Majani ya Shemeji

Fundi cherehani alikuwa na ugomvi na mti. Ni mgunga uliosimama mpakani, upande wa kaka wa marehemu mumewe. Kiangazi ulivaa majani tele. Mvua zikianza tu, wakati miti yenye adabu inachipua, wenyewe ndio kwanza unavua nguo zote na kuzimwaga kwenye mahindi ya fundi.

"Mimi kazi yangu kuvalisha watu, shemeji," alilalamika. "Huu uchi sitauvumilia. Njoo uzoe majani yako!"

Shemeji, dereva mstaafu wa lori waliyemwita Breki kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote, alijikuna kidevu. "Baba alipofyeka pori, mti huu aliuacha makusudi."

"Basi na majani ni urithi wako. Yachukue."

Wakafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, naye, akiwahi chakula kisipoe, akaamua: mwenye mti azoe majani yake. Breki akatii. Kila asubuhi alivuka na fagio na gunia, akafagia katikati ya mistari ya mahindi kana kwamba ni sebuleni, kisha akayamwaga majani shambani kwake. Fundi alimtazama kutoka dirishani, mguu kwenye pedeli, roho kwatu.

Furaha haikufika mbali. Majani yalipooza, mahindi ya Breki yalinawiri. Ya fundi yakawa njano kama futi ya kupimia. Siku mbuzi wa jirani alipokata kamba, alipita shamba la fundi bila hata kuonja, akaenda kula kwa Breki. Hilo lilimchoma fundi kuliko yote.

Masika yaliyofuata, Breki alipomaliza kufagia na kujaza gunia, alimkuta shemejiye amesimama mpakani, mikono kiunoni.

"Weka gunia chini."

"Mwenyekiti aliamua."

"Mwenyekiti halimi hapa! Majani yameanguka kwangu, ni yangu."

"Mwaka jana yalikuwa urithi wangu."

Fundi akaliketia gunia. Breki akalivuta. Likapasuka, majani yakawamwagikia wote wawili kichwani, nao wakabaki kucheka mpaka machozi.

"Gunia utalishona," alisema Breki, akipangusa masikio.

"Nitalishona. Na wewe nitafutie miche. Mti mmoja hautoshi shamba zima."

Kesho yake Breki alileta miwili. Walibishana pa kuipanda mpaka jua likawachoma, kila mmoja akiapa kwamba mzee aliyefyeka pori alimwonyesha yeye peke yake mahali panapofaa. Mwishowe kila mtu akachimba shimo lake alipotaka.