Mtu Asiyeomba Kibao

Kwenye ghala la tumbaku jirani na stesheni ya Igalula, kina mama arobaini walikuwa na kibao kimoja cha choo. Kilikuwa kipande cha mninga chenye kamba, kilichotundikwa msumarini nyuma ya meza ya msimamizi, Wilbroad. Anayebanwa anakiomba, anakivaa shingoni, anakwenda. Ruhusa kwa kila mmoja ni mara mbili kwa siku, asubuhi moja, mchana moja. Majani yakikutwa hayajafungwa saa ya ukaguzi, Wilbroad aliandika jina la mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nyekundu tatu, unakabidhi aproni, kazi imekwisha.

Kabula alikuwa na mbili.

Utumbo wake ulikuwa na vidonda tangu mwaka juzi. Kuna wiki ulinyamaza. Kuna wiki alikwenda mara nane kwa siku, na damu. Daktari aliandika barua kwamba ugonjwa huu ni wa kuishi nao, hauambukizi, na mgonjwa aruhusiwe kila anapobanwa. Wilbroad aliisoma kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno, mpaka kwenye damu. Kisha akaibandika ukutani, chini ya tangazo la kuzima moto.

"Sasa kila mtu anajua," alisema. "Lakini kibao ni mara mbili."

Kabula akaacha chai ya asubuhi. Akaacha na chakula cha mchana. Tumbo tupu likambana vilevile.

"We Kabula, hicho kibao kitakuota shingoni," alisema Apolinaria, jirani yake wa benchi, na benchi zima likacheka. Kisha Apolinaria akasogea pembeni kidogo.

Jumanne moja ya Mei, saa nne asubuhi, Kabula alikuwa ameshatumia kibao cha asubuhi. Tumbo likamkata. Akainuka bila kibao, akaacha majani yake yametawanyika mezani. Aliporudi, mahali pake palikuwa pamekaliwa na mzee mwembamba, kaniki kiunoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kichwani alikuwa na ngata ya kubebea mzigo, ila mzigo hakuwa nao. Alikuwa anachambua majani kwa rangi, la limau huku, la chungwa huku, yenye madoa chini. Fungu moja lilikuwa limeshafungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nakushikia nafasi tu."

Aliitwa Mahona. Alikuwa mpagazi, zamani, katika msafara uliotoka pwani kuja Unyanyembe. Tumbo la damu lilimshika ikiwa imebaki siku moja kufika. Wenzake walimtua mzigo, wakaugawana.

"Mzigo hauachwi njiani," alisema. "Huachwa mtu. Mimi nililala pale kwenye choo chenu. Nakusikia kila siku."

Kabula alimpa pole. Saa ya ukaguzi Wilbroad akasimama mbele yao.

"Huyu nani?"

"Ananishikia nafasi," alisema Kabula.

"Alishakufa huyo," alisema Apolinaria.

"Sijauliza hilo." Wilbroad aligeuza fungu, akanusa majani, akapita. Hakuandika nyekundu.

Siku tisa zikaenda hivyo. Kabula alibanwa, alikwenda, na Mahona aliingia benchini kabla halijapoa. Kabula akarudia kula ugali na maharage kama watu. Mara moja alimuuliza mzee kama aliomba wamsubiri.

"Niliomba. Kiongozi akasema tumbo la mtu mmoja halisimamishi watu mia sita."

"Wetu anasema arobaini," alisema Kabula.

Siku ya kumi, Kabula aliporudi kutoka chooni, alimkuta Wilbroad amesimama nyuma ya Mahona na saa mkononi.

"Babu, mbona sijakuona ukila?"

"Sili."

"Na chooni unakwenda lini?"

"Nilishamaliza."

Wilbroad akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi iko sawa. Akamgeukia Kabula, akanyoosha mkono.

"Aproni."

"Sijapata nyekundu ya tatu."

"Hujapata. Ila nafasi yako ina mtu."

"Mimi namshikia tu," alisema Mahona.

"Endelea kushika. Nani amekwambia utue?"

Mahona alikuwa mtu wa msafara. Tangu alipobebeshwa mzigo wa kwanza, akiwa kijana, hakuwahi kutua kabla ya kiongozi kusema. Alimtazama Kabula, ila mikono haikusimama. La limau huku, la chungwa huku. Alipopata nafasi kati ya fungu na fungu, alivua ngata akamkabidhi.

"Chukua. Mimi sasa sina safari ya kuivalia."

Kabula alivua aproni, akavaa ngata, akatoka. Barua yake aliiacha ukutani kwa sababu gundi ilikuwa imeshika. Alifuata njia ya zamani kuelekea nyumbani, ngata kichwani, mzigo hana. Aliingia vichakani mara tatu. Hakuna aliyemsubiri.

Ghalani, mchana ule, Apolinaria alibanwa. Alikitazama kibao msumarini. Akamtazama Mahona, ambaye hakuinua macho. Akakaza mapaja, akavuta majani mengine, akaendelea kuchambua.