Kisanduku cha Mwisho cha Bwana Kaniki

Fausta Mapunda alikuwa mtangazaji wa kipindi cha alasiri katika redio moja ya Songea mjini, na sauti yake ilijulikana kutoka Matogoro hadi mashamba ya Mpitimbi. Watu walimjua kwa salamu, habari za mbolea na muziki wa zamani. Wachache walijua kwamba tangu utotoni alikuwa mpenzi wa katuni. Si zile za kuchekesha gazetini. Fausta alipenda hadithi za picha za mashujaa zilizokuwa zikitoka miaka ya themanini, zikichapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi yenye rangi ya uji, na kupita zote alimpenda Bwana Kaniki.

Kwa wale ambao hawakumkuta, Bwana Kaniki mchana alikuwa Sefu, mpima mizani wa chama cha ushirika, mtu mpole ambaye hata kwenye foleni alisukumwa. Palipotokea dhuluma alijifunga mabegani kaniki ya marehemu mama yake, akaruka kutoka kilima hadi kilima. Lakini nguvu zake zilikuwa na sharti. Akisema uongo, hata wa mzaha, zilimtoka palepale, asiweze kuinua ndoo ya maji.

Fausta alikulia Peramiho, na jarida lilipofika kwao lilikuwa limeshapita mikono ya nusu ya mtaa, limelainika kama kitambaa. Yeye na kaka yake Joachim walilala kifudifudi sakafuni, kichwa kwa kichwa, na mwiko ulikuwa mmoja tu: hakuna kufungua ukurasa mpaka wote wawili mmemaliza.

Kisha likaja toleo la darajani. Mlanguzi Bwana Ghala, aliyeficha sukari ya mkoa mzima, alikuwa amelisukuma lori la abiria hadi likaning'inia juu ya mto Ruvuma. Bwana Kaniki alilishika kwa mnyororo, visigino vimezama kwenye mbao za daraja. Ndani ya lori alikuwamo Zena, mchumba wa Sefu. Bwana Ghala akasimama ukingoni na kipaza sauti, akauliza mbele ya watu wote: "Wewe ni Sefu wa mizani, au siye?" Akisema siye, nguvu zinakwisha na lori linazama. Akisema ndiye, adui anajua wadogo zake wanalala wapi. Chini ya picha paliandikwa: Itaendelea.

Haikuendelea. Karatasi ziliadimika, jarida likafa, na watoto wa Peramiho walibaki na lori lao hewani. Fausta alipokwenda kusoma bweni, shangazi yake Benigna, bila ubaya wowote, aliyachukua matoleo yote akayatumia kufungia karanga. Fausta alilia siku hiyo kuliko alivyolia alipovunjika mkono.

Sasa ni mama wa watoto wakubwa. Wanawe walitazama mashujaa kwenye simu, mashujaa wanaobomoa miji mizima na kuondoka bila kuaga. Fausta alikaa nao, akatazama, na mwisho alisema yaleyale: "Wa kwetu akivunja banda la mtu, kesho yake alirudi kulijenga."

Wanawe walicheka. "Mama na Kaniki wake!"

Mambo yalianza siku ambayo bwana shamba aliyealikwa kwenye kipindi alikwama njiani na basi bovu. Leticia, mkuu wa vipindi, alimwashiria Fausta kupitia kioo cha studio apige muziki. Fausta alinyoosha mkono kwenye mitambo, akaurudisha. Alijisikia akisema: "Wasikilizaji, yupo anayemkumbuka Bwana Kaniki?"

Akaanza kusimulia toleo la kwanza, picha kwa picha, kama lililofunuliwa mbele yake. Alisema mvua ilichorwa kwa mistari ya mshazari. Alisema mbwa wa Bwana Ghala alikuwa na sikio moja. Kabla hajamaliza, taa za simu zilikuwa zikiwaka zote. Dereva wa lori alipiga kutoka njia ya Njombe, amesimama kando ya barabara. Mwalimu mmoja mstaafu alisema alimchapa mwanafunzi kwa kusoma Kaniki darasani, kisha akaenda kumsoma mwenyewe ofisini. Mama wa sokoni hakusema neno. Aliimba wimbo ambao wasichana walimtungia Zena wakati wa kuruka kamba.

Kipindi kilipokwisha Leticia aliingia, ameshika kiuno. Yeye alitoka Moshi, mtu wa kazi asiyependa mchezo. "Dada Fausta, tangu lini picha zikasikilizwa redioni?"

"Tangu leo."

Leticia aliitazama mitambo ya simu, ambayo ilikuwa bado inawaka. "Basi chukua Jumamosi," akasema.

Jumamosi zikafuatana. Vijiwe vya bodaboda viliongeza sauti za redio. Watoto wa Fausta, waliokuwa wakimcheka, walianza kumuuliza mezani wiki ijayo kuna nini. Lakini kadiri hadithi ilivyosogea, Fausta alianza kukosa usingizi, kwa kuwa alijua inakoelekea. Wasikilizaji nao walijua. Wengine walipiga simu na miisho waliyojitungia: lori liote mbawa, mamba wa mtoni walibebe. "Malizia wewe, dada," walimwambia. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu. "Hadithi ina mwenyewe."

Mwenyewe hakujulikana. Kwenye kona ya kila ukurasa hapakuwa na jina, ila korosho ndogo iliyochorwa kwa mkupuo mmoja wa kalamu.

Wiki moja kabla ya daraja, baada ya kipindi, ilipigwa simu kutoka upande wa Tunduru. Alikuwa mwanamke. "Naitwa Asma, niko huku Mbesa. Baba yangu amenituma nikwambie umekosea. Kaniki hufungwa bega la kushoto, wewe umesema la kulia. Amekasirika, hata chai hajanywa."

Fausta alishika meza. "Baba yako amejuaje?"

"Ndiye aliyemchora."

Kesho yake Fausta alipanda basi la Tunduru, kisha pikipiki hadi Mbesa. Alimkuta baba yake Asma, mzee Jumanne, ameketi barazani, mrefu, mwembamba, kofia imekaa sawasawa kichwani, akibangua korosho kwa vidole vyeusi vya utomvu. Hakugeuka Fausta aliposogea. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru miaka mingi nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemvisha Kaniki upande wa kulia?"

"Ndiye mimi. Nisamehe, mzee."

"Bega la kulia ni la kubebea. Mtu anabebaje lori na nguo imemfunga?" Alitikisa kichwa, lakini sauti ilianza kulainika. "Asma, mpe mgeni maji."

Fausta alimweleza shida iliyomleta. Mzee alibangua korosho nyingine. "Mwanangu, mimi nilikuwa mchoraji. Sikuwa msimulizi. Mkono ulikuwa unajua, mdomo haukujua kitu. Macho yakaondoka, na mambo yale yakaondoka nayo. Halafu jarida lilipokufa hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilikaa mwaka mzima nikingoja mtu aulize lori lile lilikuwaje. Nikarudi kwenye mikorosho."

"Tulikuwa tunauliza, mzee. Hatukujua pa kukuuliza."

Alitoa simu, akamsikilizisha rekodi za wapigaji: dereva wa Njombe, mwalimu aliyechapa, mama aliyeimba. Mzee Jumanne aliacha kubangua. Wimbo ulipokwisha aliomba urudiwe. Safari ya pili aliusikiliza mdomo wazi, mikono imetulia mapajani, na Asma aliyekuwa amesimama mlangoni na bilauri ya maji hakuthubutu kusogea.

"Waliruka kamba kwa jina la Zena," alisema mzee. "Kumbe."

"Ile picha inayofuata, mzee. Umewahi kuiona?"

Alicheka, kicheko kikavu cha ghafla. "Naiona kila siku ya Mungu. Haihitaji macho."

Jumamosi ya daraja mzee Jumanne aliingia Songea amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Asma akimshika kiwiko. Studio ilikuwa ndogo, na joto. Fausta alimtangaza kwa maneno machache, kisha akamwachia kipaza sauti.

Mzee akasema, "Bismillahi." Akanyamaza.

Kimya kikaingia. Redioni kimya ni kama moshi ndani ya nyumba. Kila mtu anatafuta mlango. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nyuma ya kioo Leticia aliinua mkono kuelekea kitufe cha muziki. Fausta alimzuia kwa kidole, akamwinamia mzee. Hakumuuliza nini kilitokea. Aliuliza jambo ambalo mtu aliyelala sakafuni miaka yote ile, pua ikigusa karatasi, ndiye angeliwaza.

"Mzee, mwanga unatoka upande gani?"

Uso wa mzee Jumanne ukafunguka. "Kushoto," akasema. "Jua la jioni. Kwa hiyo uso wa Kaniki nusu una giza, na mnyororo unang'aa." Mkono wake ukanyanyuka, ukaanza kutembea hewani. "Kisanduku cha kwanza, yaani picha ya kwanza, kinachukua ukurasa mzima. Ubao mmoja wa daraja umepasuka. Chini nimeacha karatasi nyeupe tupu, maana mto usipochorwa ndipo unapotisha."

Tangu hapo hakuna aliyemshika tena. Alitoka kisanduku hadi kisanduku. Bwana Ghala anarudia swali lake, meno yake yote nje mbele ya kipaza sauti. Kaniki anafumba macho. Anawaona wadogo zake, wamelala kwenye mkeka mmoja. Anafumbua. Puto la maneno mdomoni mwake lina neno moja tu, herufi kubwa kuliko zote zilizowahi kuchapwa kwenye jarida lile: "NDIYE!"

"Ndiye mimi, Sefu wa mizani," alisema mzee Jumanne, na sauti yake haikuwa ya mzee tena. "Na sasa tazameni. Mnyororo unalegea, maana lori linapanda. Mikono yake haijawahi kuwa na nguvu hivi. Kwa nini? Kwa sababu kujificha nako kulikuwa uongo. Uongo mdogo, wa kila siku, alitembea nao kama kijiwe ndani ya kiatu. Miaka yote mliyomwona akiruka vilima, alikuwa anatumia nusu tu!"

Fausta alipiga meza kwa kiganja. Hakujua kama amepiga.

Lori linatua barabarani. Bwana Ghala anawaamuru makuli wake wamkamate Sefu. Makuli wana marungu mikononi. Wanamtazama. Ni wakulima wa msimu, wote wamewahi kusimama mbele ya mizani yake. Kisanduku hiki, mzee alieleza, hakina maneno; kuna marungu tu, yakianguka vumbini moja baada ya jingine. Kinachofuata, kuli mkubwa kuliko wote anamgeukia Bwana Ghala: "Huyu hajawahi kutupunja hata punje. Wewe je?" Jina alilolificha ili limlinde, likamlinda siku alipolisema.

"Na Zena?" Fausta aliuliza kwa mnong'ono. Alikuwa ameahidi kutomkatiza, lakini hakuweza.

"Zena anashuka kwenye lori. Amekasirika. Sefu anaanza kuomba msamaha kwamba alimficha. Zena anashika upindo wa kaniki, anamwonyesha." Mzee alitabasamu kwa meno yake yote yaliyobaki. "Anamwambia: 'Mwanamume wewe! Kila inapochanika, ulidhani nani anaishona?'"

Leticia alikuwa wa kwanza. Kupitia kioo alionekana ameinamisha kichwa mezani, mabega yakitikisika kwa kicheko, kisha akavua miwani kufuta machozi. Halafu sauti ikaingia kutoka nje, kwanza honi moja, kisha pikipiki za kijiwe kizima. Kutoka sokoni vikaja vigelegele, vikipokezana kibanda hadi kibanda. Fausta akafungua dirisha na kusogeza kipaza sauti, Songea ijisikie yenyewe.

Mzee Jumanne aligeuza sikio. "Kuna arusi?"

"Ni wewe, mzee," alisema Fausta. "Wanakushangilia wewe."

Mzee alishusha mkono uliokuwa bado hewani. "Alhamdulillahi," akasema taratibu. Kisha akaanza kucheka, na safari hii kicheko hakikuwa kikavu.

Walipotoka nje, uani, watu walikuwa wamejaa hadi barabarani: wazee wenye mvi waliosoma enzi zile, na vijana waliofahamu sauti tu. Mwanamke mmoja wa makamo alimshika mzee mikono yote miwili, akamwimbia wimbo wa Zena usoni, na mzee akaupokea mstari wa pili bila kukosea. Wakamsindikiza hadi stendi kwa miguu. Njia nzima walibishana juu ya sikio la yule mbwa, lipi lilikuwa limekatika, na mzee akiwaamua, mkali kama refa.

Fausta alitembea nyuma yao. Alijaribu kumpigia kaka yake Joachim simu, akakuta sauti imemkauka kwa kupiga kelele ambazo hakukumbuka kuzipiga. Joachim, kutoka kwake Mbinga, ndiye aliyesema kwa niaba yao wote wawili. "Nimesikia, mdogo wangu! Nimesikia lori likitua!"