Mshenga wa Mshahara

Kija alikuwa na diploma ya ununuzi na ugavi, shati moja la maana, na kochi la kulalia sebuleni kwa baba yake mkubwa, Mzee Chenge, kule Igoma. Kochi lilikuwa fupi kuliko yeye kwa shibiri mbili. Chumba cha kupanga alikwisha kukiona, lakini mshahara wowote chini ya laki tatu na nusu ungemwacha kwenye kochi lile mpaka magoti yasahau kunyooka.

Basi Mama Bernadeta, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alipomwita aje kutunza stoo, Kija alitumia wiki nzima kulitafakari swali zito kuliko mtihani wa taifa: mshahara unatajwa lini? Ukiutaja mapema, una njaa. Ukingoja mpaka uanze kazi, umeliwa. Mwishowe akakata shauri. Angemwacha mama ataje kwanza, anyamaze kidogo kama mtu anayesali, kisha aombe laki nne na nusu ili washukie nne.

Mpango ulikuwa safi. Kosa lake ni kuutaja wakati wa kula.

Mzee Chenge aliweka tonge chini. Binti hajitajii bei, alisema, na kupatana kuna wenyewe; yeye angekwenda kumsemea. Kuanzia Magu hadi Bujora hakuna kikao cha mahari kilichowahi kumshinda. Ng'ombe arobaini waliwahi kutajwa mbele yake, na walipoondoka walikuwa kumi na wanane. Kija angeisikiliza vizuri hesabu hiyo, angefunga mlango kwa nje. Lakini utambishia vipi mtu ambaye kochi ni lake?

Siku ya siku, mzee alivaa koti la harusi. Ofisini alisalimia robo saa nzima: mvua, mpunga, wagonjwa, marehemu. Kija alikaa pembeni macho chini kama mchumba. Mama Bernadeta, aliyekwisha kuoza mabinti watatu, aliutambua wimbo huo akajiweka sawa kitini.

"Tumefikiria laki tatu na nusu," alisema.

Moyo wa Kija ukaruka. Hapa ndipo pa kunyamaza.

"Ni nyingi," alisema Mzee Chenge.

"Nyingi kwa lipi, mzee? Mtoto amesoma huyu."

"Kusoma tumekusikia. Tupunguzie, mama. Tunajenga undugu."

"Sishuki hata shilingi."

Miaka thelathini Mzee Chenge alikuwa amekaa upande wa waoaji, na ulimi wake ulijua njia moja tu, ya kushuka. Mama Bernadeta naye alijua kukaza, basi. Wakapigana kishujaa, kila mmoja akiulinda mfuko wa mwenzake. Kija alikohoa mara tano. Mzee akamwambia anywe maji.

Ghafla Mama Bernadeta aliegemea kiti. Ilionekana amekumbuka nani atakayelipa.

"Basi mzee, umenishinda," alisema kwa upole mwingi. "Laki mbili na themanini."

Wakapeana mikono. Macho ya Mzee Chenge yalilengwa na machozi ya ushindi.

Kija alisimama. Alijua kumpinga mzee mbele ya watu ni aibu itakayofika Magu kabla ya jioni. Akaipima aibu, akalipima kochi.

"Samahani, mama. Mkono uliopewa ni wa baba mkubwa," alisema. "Kama ni laki mbili na themanini, stoo aitunze yeye."

Mzee Chenge aliuliza dari watoto wa siku hizi wamelogwa na nani. Mama Bernadeta alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Laki tatu na ishirini. Mwezi wa tisa, miezi mitatu ikiisha, tutaongea tena. Saini upesi, mzee asije akanishinda tena."

Elfu thelathini chini ya chumba. Kija alisaini akiwa ameuma meno.

Njiani Mzee Chenge alimsimulia kila waliyekutana naye jinsi yule mama alivyokuwa mgumu na jinsi alivyomlainisha. Miezi mitatu ikiisha atakuja tena mwenyewe, alisema, na koti lile lile. Kija akamjibu asante baba mkubwa, maana usiku ule pia angelala kwake.

Tangu siku hiyo amekuwa mpwa na binamu mwema ajabu. Anampigia simu kila ndugu, anasalimia vizuri, kisha anauliza kuna nani kwenye ukoo anayetarajia kuoa mwezi wa tisa, tena mbali.